Ni Nani Alaye Chaji Usiku?

Tangu nilipoacha dawati nimesoma kila toleo la gazeti letu lililonifikia, na mara nyingi nimeona kurasa za Kiswahili zikijazwa habari za michezo, safari na mashindano ya insha. Hayo ni mema, wala siyalaumu. Lakini leo naomba nafasi nilete neno ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni jinsi simu zetu zinavyomaliza chaji bure kwa sababu sisi wenyewe hatujui kuzitawala. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na mimi gogo hilo nimeliona likiisha.

Mimi nakaa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 70 hivi kusini ya Bujumbura. Aijuaye Rumonge ajua mawese yake na samaki wake. Karibu na soko nina kibanda kidogo. Nauza vocha, sabuni na biskuti, na juu ya bati nimeweka paneli mbili za jua. Watu huniletea simu asubuhi, wakalipa faranga zao, wakarudi jioni kuzichukua zimejaa. Katika nchi yetu ya Burundi umeme wa waya haujafika bado katika nyumba nyingi; katika watu kumi, walio nao ni kama mmoja tu. Kwa hiyo vibanda kama changu ni vingi, toka Kabezi mpaka Nyanza-Lac, wala havikosi wateja. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika habari za kutunza chaji ni mtu ambaye chakula chake hutoka katika chaji kwisha. Nikifaulu kuwashawishi, mimi ndiye nitakayepungukiwa. Basi mkiona vema kunisadiki, mnisadiki kwa sababu hiyo.

Shauri lenyewe lilianza kwa baba mdogo wangu, ambaye ni mvuvi. Kwa miaka mingi ameingia ziwani usiku kufuata ndagala na mukeke kwa taa, isipokuwa siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazina kazi na nyavu hupumzika. Zamani walichukua karabai za mafuta ya taa. Leo wengi huchukua taa za betri. Tena kila mmoja huchukua simu yake, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Simu hiyo si pambo. Upepo ukigeuka, ndiyo ya kuita mtumbwi mwingine. Injini ikikataa kuwaka, ndiyo ya kumwambia mtu wa pwani alete msaada. Na samaki wakiwa wengi, ndiyo ya kumwamsha mnunuzi kabla jua halijachomoza.

Asubuhi moja alikuja kibandani amekasirika. Akaiweka simu mezani, akasema, "Mwanangu, jana jioni niliichukua hapa imejaa. Usiku kucha sikumpigia mtu, wala mtu hakunipigia. Saa kumi alfajiri naitazama, imekufa. Mimi nimekulipa. Basi niambie, nani ameila hiyo chaji?"

Nikamjibu kama wajibuvyo wenye vibanda wote, "Betri imechoka, baba. Tutafute nyingine."

Akanitazama sana, akasema, "Nilidhani shule ilikufundisha zaidi ya hayo." Akaondoka.

Neno lile liliniuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Darasani nilisoma fizikia, na sheria ya Ohm naijua kwa moyo mpaka leo. Niliandika volti na ampea katika mtihani, nikapata alama. Lakini kifaa kilichokuwa mfukoni mwa baba mdogo sikujua hufanya nini gizani, na badala ya kukiri kwamba sijui nilimwambia mzee anunue kitu. Naona aibu kuliandika hilo, ila naliandika kwa sababu nadhani si mimi peke yangu. Wengi wetu tuliosoma, tukiulizwa na wazee wetu jambo la simu, hujibu upesi ili tuonekane tunajua.

Basi nikaanza kutafuta, nikasoma, nikajaribu kwa simu yangu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyaona.

Simu haikai kimya. Tukiona kioo kimezimika twadhani imelala, kumbe ndani yake mna redio, nayo i macho. Redio hiyo huusikiliza mnara, na kila baada ya muda huuambia, "Nipo hapa," ili mtu akikupigia, mtandao ujue pa kukutafuta. Mnara ukiwa karibu, kazi hii ni nyepesi. Mnara ukiwa mbali, au umezibwa na mlima, redio huongeza nguvu. Ni kama mtu asimamaye ufukoni akiita mtumbwi. Ulio karibu huuita kwa sauti ya kawaida, ulio mbali huuita kwa kupiga kelele, na mwenye kupiga kelele usiku kucha hukosa sauti asubuhi.

Kwa wapendao hesabu nitaongeza kidogo. Simu ya kizazi cha pili, yaani 2G, katika masafa ya megahezi 900, yaweza kutoa hata wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi inaposema na mnara wa mbali. Lakini ikiwa karibu na mnara hutumia sehemu ndogo sana ya wati moja. Simu ya 4G kwa kawaida haizidi robo ya wati, walakini nayo hupanda mpaka ukomo wake mnara unapofifia. Sasa tazama ghala yenyewe. Betri ya simu nyingi za siku hizi hubeba miliampea-saa 5,000, nazo ni kama wati-saa 19. Taa ya wati 5 tu ingeimaliza kwa muda usiotimia saa nne. Hatuna akiba kubwa mfukoni. Tuna kibaba, na mlaji yeyote asiyekuwa na kazi yafaa afukuzwe.

Na mnara ukikosekana kabisa, hapo ndipo penye hasara. Mtu akiita mara tatu bila kujibiwa hukata tamaa akaenda zake. Simu haifanyi hivyo. Huanza kupekua masafa inayoyajua, ya 4G, ya 3G, ya 2G. Hupumzika kidogo, ikaanza tena. Kazi hiyo yote haimfikishi mwenyewe kwa mtu hata mmoja, na chaji inakwenda.

Sasa natazama pwani yetu. Mtu akitafuta mahali pa kuisumbua simu, hatapata panapozidi hapa. Nyuma yetu uwanda wa Imbo ni mwembamba, na mara milima inapanda. Penginepo, kama upande wa Minago, barabara ina nafasi ndogo tu kati ya mlima na maji. Mnara ulioko nyuma ya kilima hauioni nyumba iliyoko bondeni. Lakini mbele yetu ni maji matupu, na hakuna kilima cha kuyazuia mawimbi ya redio. Siku ya mbingu safi twaiona rasi ya Ubwari na milima ya Kongo kwa macho. Mnara wa 2G, kwa utaratibu wake wa kawaida, waweza kuhudumia simu iliyo mbali hata kilomita 35. Kwa hiyo simu iliyo mtumbwini usiku husikia mnara wa nyumbani ukififia na huku mnara wa ugenini ukisikika, isijue imfuate nani.

Tena watu wa huku ni wafanya biashara. Mwuza mawese ana wateja Baraka na Uvira. Mnunuzi wa ndagala ana jamaa Kigoma. Kwa sababu hiyo simu yenye matundu mawili hutiwa kadi mbili, au laini mbili kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, moja ya hapa na moja ya ng'ambo. Ni jambo la akili, kwani hupunguza gharama ya kuzungumza na mteja. Lakini laini mbili ni wageni wawili mezani.

Nilipoifungua simu ya baba mdogo nikakuta hivyo hivyo. Tundu la kwanza lina laini ya kwetu. Tundu la pili lina laini ya Kongo, aliyoinunua siku nyingi alipokwenda Baraka, wala hakuitumia tena tangu aliporudi. Lakini simu haikujua kwamba haitumiki. Kila usiku iliitafutia mnara wake ng'ambo ya ziwa, ikaupata kidogo, ikaupoteza, ikautafuta tena. Huyo ndiye mlaji aliyekuwa akiulizwa. Mzee alikuwa akimlisha mgeni aliyekwisha kumsahau.

Sikumnunulia betri. Niliingia katika mipangilio, nikaizima laini ya Kongo bila kuitoa tunduni, nikaifunga data, nikamrudishia simu yake. Siku ya pili alipita kibandani akitoka ziwani, simu ikiwa hai, na chaji imebaki zaidi ya nusu. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Alisema tu, "Sasa naona ulisoma."

Sidai kwamba kila simu itaponywa kwa dawa hiyo moja. Mchana mlaji mkubwa huwa ni kioo, hasa kikiwashwa kwa mwanga mkali juani, na atazamaye filamu kutwa asilaumu mtandao. Na ziko betri zilizochoka kweli. Lakini usiku, kioo kikiwa kimezimika na simu haitumiwi, mtandao ndio wa kushukiwa kwanza. Nami naona yafaa kila mwanafunzi ajue mambo matano yafuatayo.

Kwanza, laini isiyotumika izimwe. Simu nyingi zenye matundu mawili zina mahali katika mipangilio pa kuizima kila laini peke yake. Siku ukiwa na neno na mtu wa ng'ambo, unaiwasha, unasema naye, unaizima.

Pili, data ifungwe wakati haitakiwi. Data ikiwa wazi, programu huamka zenyewe gizani kuvuta picha, habari na matangazo. Wengi waogopa kuifunga wakidhani hawatapatikana. La hasha. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi huingia bila data, na hata Lumicash na EcoCash hufanya kazi kwa namba za nyota bila data. Kitakachongoja mpaka asubuhi ni picha za harusi, nazo haziozi.

Tatu, chagua kizazi cha mtandao kwa akili. Mahali ambapo 4G inafifia kila mara, simu huhangaika kupanda na kushuka kati ya vizazi. Mtu anayengoja kupigiwa tu, kama mvuvi au mlinzi, aweza kuiweka katika 2G, au 2G na 3G, ikatulia. Lakini mwenye kazi ya kupeleka picha na barua asifanye hivyo, kwani kizazi cha zamani huchukua muda mrefu kupeleka mzigo uleule, na redio ikikaa wazi muda mrefu hula zaidi. Apelekaye mzigo na atafute mahali penye 4G yenye nguvu, aupeleke upesi, afunge. Tena jihadharini na kuchagua 4G pekee. Simu isiyoweza kupokea maongezi kwa njia ya 4G hushuka 3G au 2G ili ipokee. Ukiizuia kushuka, watu watakupigia wasikupate, nawe utadhani hawakukujali.

Nne, zuia mtandao wa ugenini. Katika mipangilio pana mahali pa kukataza data ya mitandao mingine, na pana mahali pa kuchagua mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu. Akaaye karibu na mpaka na afanye hivyo, kwa sababu hapa hasara si ya chaji peke yake. Simu ikihamia mtandao wa nchi nyingine bila wewe kujua, fedha nazo zaweza kwenda. Ila akisafiri akumbuke kurudisha, maana aliyechagua mtandao mmoja kwa mkono, akifika mahali mtandao huo haupo, simu yaweza kubaki bila mtandao wowote.

Tano, mahali pasipo na mtandao hata kidogo, weka simu katika hali ya ndege, ipumzike. Wi-Fi na Bluetooth navyo vifungwe visipotakiwa, ingawa hivyo ni walaji wadogo.

Hilo la tano linataka onyo, nami nitalitoa kwa kosa langu mwenyewe.

Baada ya kufaulu kwa baba mdogo nilipata kiburi. Nikawa bahili wa chaji. Kila jioni saa tatu niliiweka simu yangu katika hali ya ndege, si kwa sababu mtandao haukuwapo, maana kibandani kwangu ni mwema, bali kwa sababu nilipenda kuamka nikaona tarakimu kubwa. Niliwaonyesha rafiki zangu kama mtu aonyeshavyo cheti.

Basi mwaka 2024 ziwa lilipanda likafurika, na nyumba nyingi za pwani zikaingiwa na maji, hapa Rumonge na huko Bujumbura pia. Mama yangu alikuwa akikaa karibu na maji pamoja na watoto wa dada yangu. Maji yalikuwa yakisogea siku kwa siku, nasi tulidhani bado yako mbali. Usiku mmoja upepo ukayasukuma mawimbi mpaka ndani ya nyumba. Mama akanipigia. Akanipigia tena na tena. Mimi nilikuwa nimelala kibandani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na simu iko kichwani pangu katika hali ya ndege. Majirani ndio waliobeba watoto na magodoro. Mashine ya kushonea ya mama, ambayo ndiyo iliyonilipia karo ya shule, ililowa yote.

Asubuhi niliifungua simu. Ilikuwa na chaji 92 kwa mia. Ndipo ujumbe wa mtandao ukaingia kuniarifu mara ngapi nilitafutwa na saa zake. Nilipofika, mama hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu, "Mwanangu, hiyo chaji ulikuwa ukimwekea nani?"

Tangu siku ile nimeelewa jambo ambalo mipangilio ya simu haisemi. Akiba ya chaji haina thamani yenyewe kwa yenyewe. Tunaitunza ili simu iwe hai saa ile mtu atakapotuhitaji. Laini isiyotumika ikizimwa, hakuna anayekukosa. Data ikifungwa usiku, hakuna anayekukosa. Lakini simu nzima ikifungwa mahali penye mtandao mwema, hapo mtu amefunga mlango na nduguze wako nje. Kipimo changu sasa ni hiki: kabla ya kubadili jambo lolote najiuliza, mama akinipigia saa nane za usiku, nitamsikia? Nikiona nitamsikia, nabadili. Nikiona sitamsikia, naacha chaji iliwe.

Kwa wavuvi tumefanya mapatano. Mitumbwi mitatu ikitoka pamoja na kukaa karibu karibu, simu moja hubaki wazi na mbili hulala katika hali ya ndege. Baada ya saa chache hupokezana. Watu wa nyumbani wanazo namba zote tatu. Hivyo alfajiri ikifika, kila mtumbwi una simu yenye uhai, na usiku kucha kuna sikio moja lililo macho. Haya hayakutaka fedha, yalitaka mazungumzo ya jioni moja tu.

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Mtu anunue betri ya akiba, yaishe." Betri ya akiba ni kitu chema, nami naziuza. Lakini nayo hujazwa kwa jua lile lile, na katika miezi ya mvua paneli zangu hushindwa kuzijaza hata simu zilizopangwa mezani. Kuongeza mtungi wakati mtungi wa kwanza unavuja si dawa. Kwanza zibeni tundu.

Wa pili watasema, "Simu ndogo ya vibonye yatosha ziwani." Hao sina ugomvi nao. Simu ndogo ya 2G hukaa siku kadhaa, na mvuvi mwenye nafasi ya kuwa nayo afanya vizuri kuichukua. Lakini wengi wana simu moja tu, na ndiyo benki yao, tochi yao na barua zao. Hatuwezi kuwaambia wakanunue nyingine kwanza ndipo tuwasaidie.

Wa tatu watasema, "Simu zina akili, ziachwe zijiongoze." Ni kweli simu zina kitufe cha kupunguza matumizi ya betri, nacho hufaa kiasi. Lakini kwa kawaida kitufe hicho huzuia programu zinazoamka chini chini, hakikuzimii laini ya pili. Waliotengeneza simu walipanga mambo yafae watu wote wa dunia. Hawaijui Minago wala Ubwari. Hawajui kwamba laini ya tundu la pili ni ya Baraka na kwamba mwenyewe hakwenda huko tena. Hayo ayajuaye ni mwenye simu, au mtoto wake aliyesoma.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Rai yangu ni kwamba kazi hii ni yenu, wanafunzi. Mtakapofunga shule mkarudi nyumbani, kila mmoja wenu atakuta mzee anayelipa chaji ya bure. Keti naye jioni moja. Usimpokonye simu ukaibonya bonya huku umempa mgongo, kama tufanyavyo vijana wengi. Mwombe ruhusa. Usisome barua zake. Mwulize kwanza hutumia laini ipi, humngoja nani usiku, huenda wapi ambako hakuna mtandao. Kisha mwonyeshe kidole kwa kidole, umwache abonye mwenyewe, na uandike katika karatasi yale mliyobadili ili ukiondoka aweze kuyarudisha. Mzee aliyebadilishiwa simu bila kufahamishwa ni kama mtu aliyehamishiwa mlango wa nyumba yake usiku.

Walimu wa fizikia nao ningewaomba jambo moja. Badala ya kuchora betri na balbu ubaoni peke yake, wawape wanafunzi kazi ya usiku mbili. Usiku wa kwanza simu ikae na laini zote mbili wazi. Wa pili ikae mahali palepale, saa zile zile, laini isiyotumika ikiwa imezimwa. Waandike chaji ilivyokuwa jioni na asubuhi, kisha wajadiliane kwa nini tarakimu za wa bondeni ni mbali na tarakimu za wa mlimani. Nadhani somo hilo hawatalisahau baada ya mtihani, kama nilivyosahau mimi.

Nanyi ndugu wa zamani wenye vibanda kama changu, msiogope. Baba mdogo alikuwa akinijia kila siku. Sasa hunijia kila siku ya tatu. Nilihesabu hasara yangu, na si kubwa kama nilivyohofia, kwa maana watu waliosikia habari zake huja kuniuliza juu ya simu zao, na ajaye kuuliza mara nyingi huondoka na sabuni. Mama naye sasa anakaa juu zaidi, mbali na maji. Mashine ya kushonea tuliikausha, na fundi akaiweka sawa, ingawa hukwama kidogo kila kunaponyesha. Kila nikiisikia ikikwama naikumbuka ile 92 kwa mia.

Mwanafunzi wa zamani,
Rumonge.